Namna ya Kuifuatilia Kazi ya Maggie Smith, Kutoka Jukwaani Hadi Kwenye Filamu

Anayetaka kuifahamu vyema kazi ya mwigizaji wa Uingereza Maggie Smith asianze na filamu za Harry Potter wala mfululizo wa televisheni wa Downton Abbey, ingawa hizo ndizo zilizolieneza jina lake duniani kote. Humo atamkuta bibi aliyekwisha kukamilika, mwenye ulimi mkali na mgongo ulionyooka, wala hatajua ukali ule ulinolewa wapi. Ulinolewa jukwaani, na kwa hiyo inafaa kutafuta kwanza filamu zilizo karibu na jukwaa, kisha kuzitazama kwa kufuata miaka.

Kabla ya kuwasha televisheni, shika tarehe chache. Alizaliwa Ilford, mashariki ya London, tarehe 28 Desemba 1934, akakulia Oxford, ambako baba yake alikuwa mtaalamu wa maradhi katika chuo kikuu. Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 17, aliigiza nafasi ya Viola katika Twelfth Night ya Shakespeare, na mwaka 1956 alikuwa Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo wa New York, katika onyesho la nyimbo na vichekesho. Onyesho hilo usilipuuze. Alijifunza kuchekesha mapema, na mwigizaji mashuhuri Laurence Olivier alipomwalika mwaka 1963 kuingia katika kundi jipya la National Theatre, lililokuwa likitumia ukumbi wa Old Vic, alimchukua mtu anayejua kupima muda wa kicheko.

Anza basi na Othello ya mwaka 1965, filamu ya tamthilia ya Shakespeare, ambayo kimsingi ni onyesho la National Theatre lililohamishiwa studio. Jiandae kwa jambo moja: Olivier, ambaye alikuwa mzungu, anaigiza Othello, mhusika mweusi, akiwa amejipaka rangi nyeusi, nami naona hilo linaiharibu filamu kiasi kwamba wengi hawatavumilia kuimaliza. Ukivumilia, mwangalie Smith akiwa Desdemona, mke wa Othello, kisha ukumbuke kwamba nafasi hii ya majonzi ndiyo iliyompa mchekeshaji huyo uteuzi wake wa kwanza wa tuzo ya Oscar.

Ifuatayo, The Prime of Miss Jean Brodie ya mwaka 1969, itazame mara mbili. Smith ni mwalimu wa kike wa Edinburgh katika miaka ya 1930, anayewapenda wanafunzi wake na kumtukuza Mussolini, dikteta wa Italia, kwa pamoja. Mara ya kwanza fuata hadithi yenyewe. Mara ya pili sikiliza lafudhi ya Kiskoti anavyoivuta na kuikata, hasa katika pambano la mwisho darasani na mwanafunzi Sandy, ambapo sauti iliyokuwa ikitamba filamu nzima inavunjika. Mwalimu wa sanaa anayemtamani ni Robert Stephens, aliyekuwa mumewe wakati huo, na filamu hiyo ilimpatia Smith Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Ya pili ilitokana na California Suite ya mwaka 1978, na hapo pana kichekesho cha aina yake: alishinda kwa kuigiza mwigizaji wa Kiingereza anayekwenda Los Angeles kushindania Oscar na kuikosa.

Kati ya mwaka 1976 na 1980 usitazame filamu peke yake. Miaka hiyo alifanya kazi mara kwa mara katika tamasha la Stratford, Ontario, nchini Kanada, akiigiza wahusika wa Shakespeare: Cleopatra, Rosalind na Lady Macbeth. Maonyesho ya namna hiyo hufuatiliwa kupitia tahakiki za magazeti na picha, na ni vizuri kusoma tahakiki mbili za onyesho lilelile, kwa sababu mhakiki mmoja hupenda kusifia mikono na mwingine akachukizwa nayo.

Ukirudi kwenye skrini, tafuta Bed Among the Lentils, iliyotangazwa na BBC mwaka 1988. Hapo Smith ni mke wa kasisi, mlevi wa kificho, akizungumza peke yake mbele ya kamera. Angalia namna anavyotamka jambo la aibu kwa sauti ileile ya kutajia bei ya sabuni, kisha akanyamaza kidogo kupita inavyotarajiwa.

Sasa unaweza kwenda kwa Lady Violet wa Downton Abbey, bibi wa ukoo wa kikabaila. Katika msimu wa kwanza wa mwaka 2010, mezani, anauliza wikiendi ni kitu gani. Haulizi kwa kejeli. Anauliza kwa mshangao wa kweli wa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi Jumatatu, na hicho ndicho kinachochekesha. Miaka mitano baadaye aliigiza The Lady in the Van kwenye filamu, nafasi aliyokwisha kuishika jukwaani mwaka 1999. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 84, alirejea jukwaani peke yake katika A German Life, akiwa katibu wa zamani wa Goebbels, waziri wa propaganda wa Wanazi. Alifariki London tarehe 27 Septemba 2024.

Mwenye jioni moja tu ya kumtazama achague yule mke wa kasisi: ni chini ya saa moja, na hakuna mwigizaji mwingine wa kumpunguzia kazi.