Kupanga siku yako kwa Ayurveda ukiwa Mtwara au Lindi: anza na chakula cha usiku

Miongozo mingi ya Ayurveda, tiba ya kale ya India, huanza na asubuhi: amka kabla ya jua, kwangua ulimi, sukutua mafuta, jisinge mwili mzima, fanya mazoezi, oga. Mtu anaivamia orodha yote Jumatatu, Alhamisi amechoka na karudi kwenye chai na kiporo. Kosa halipo asubuhi. Aliyekula wali wa nazi saa tatu na nusu usiku akalala saa sita hawezi kuamka alfajiri akiwa mwepesi, hata umwekee kengele tatu. Kwa hiyo hapa tunapanga kinyumenyume: usiku kwanza, mchana ufuate, asubuhi mwisho. Kila hatua ipe wiki moja au mbili ikuingie kabla ya kuongeza nyingine.

Kabla ya kuanza: saa na jua

Ratiba ya siku ya Ayurveda huitwa dinacharya. Inagawa siku katika vipindi vya saa nne nne. Saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne ni kapha, wakati wa uzito na unyevu. Saa nne hadi saa nane mchana ni pitta, moto wa kumeng'enya chakula. Saa nane hadi saa kumi na mbili jioni ni vata, wakati wa mwendo na ukavu. Usiku mzunguko unarudia vilevile. Hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha vata au pitta ya mtu, basi yachukue kama majina ya kupangia siku, wala usipoteze muda na dodoso za mtandaoni za kujua "wewe ni aina gani". Ratiba hii inamfaa mtu mzima yeyote mwenye afya ya kawaida.

Kilicho muhimu zaidi ni kwamba ratiba hii hufuata jua. Huku kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili kasoro robo mwezi Novemba, na kupita kidogo saa kumi na mbili na nusu mwezi Julai. Utosini huwa kati ya saa sita na dakika chache na saa sita na nusu. Ukinakili saa za mwandishi wa Delhi au California, unafuata jua la kwao.

Hatua ya 1: chakula cha usiku na usingizi

Kula baada ya Magharibi na kabla ya Isha. Hapo unapata saa moja na zaidi, na kwa mwaka mzima hutakula baadaye sana ya saa mbili. Lala kabla ya saa nne, maana Ayurveda inasema pitta ikirudi saa nne usiku, aliye macho husikia njaa ya pili na usingizi hukata. Kati ya kijiko cha mwisho na mto, acha saa mbili hadi tatu. Hilo la pili utalielewa haraka kama una kiungulia: ukilala tumbo limejaa, asidi hupanda.

Chakula chenyewe kiwe chepesi, chenye majimaji, na cha moto. Kinachofaa kuliko vyote ni kichri, na hakina ugeni wowote pwani hii. Kwa watu wawili:

– mchele nusu kikombe
– choroko zilizopasuliwa na kutolewa maganda, nusu kikombe
– maji vikombe vinne hadi vitano
– samli kijiko kimoja cha chakula
– bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, manjano robo kijiko cha chai
– tangawizi mbichi kipande cha sentimita mbili, imetwangwa
– chumvi kiasi

Osha mchele na choroko mpaka maji yatoke safi. Yeyusha samli kwa moto wa wastani, tia bizari. Ikitatarika na kunukia, sekunde chache tu, tia tangawizi na manjano. Bizari ikiwa nyeusi imeungua, chakula chote kitakuwa kichungu. Mwaga uanze upya. Tia mchele na choroko, geuza dakika moja, mimina maji, punguza moto, funika. Baada ya dakika 30 hadi 40 iwe laini kama uji mzito. Ikisimama kwenye kijiko kama wali, ongeza kikombe cha maji ya moto. Kama sokoni umepata choroko nzima tu, ziloweke tangu asubuhi, na maji ya kulowekea yamwage. Wanaolalamika gesi, wengi wao hupikia maji yaleyale.

Tui zito, pweza, nyama ya kukaanga na maharage yahamishie mchana. Samaki wa mchuzi mwepesi si vibaya usiku, ila Ayurveda haimchanganyi samaki na maziwa wala mtindi katika mlo mmoja.

Nyumba ambayo watu husubiriana mpaka saa tatu, usigombane na mtu. Kula bakuli lako mapema, kisha wakati wa mlo kaa nao mkekani na kikombe cha maji ya vuguvugu.

Halafu kiporo. Ayurveda hukihesabu chakula kilicholala kuwa kizito na kisicho na uhai, na joto la huku linaongeza sababu nyingine isiyo ya Ayurveda: wali ukilala kwenye sufuria juu ya meza, vijidudu vya Bacillus cereus huzaliana na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Pika kidogo. Ukibakiza na una friji, kiingie humo ndani ya saa moja.

Hatua ya 2: mlo mkuu mchana

Kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu, hapo ndipo pa kushiba. Kipimo alichoandika Vagbhata, mwandishi wa kale wa Ayurveda, bado ni kizuri: gawa tumbo mafungu manne, mawili ya chakula, moja la kinywaji, moja liachwe wazi. Kwa vitendo, acha kula unapobeua mara ya kwanza, au pale unapohisi ungeweza kuongeza kidogo bila shida.

Sahani iwe na ladha sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na kakasi. Hii huwatisha watu bure. Angalia sahani ya mama lishe: wali ndio tamu, kachumbari yenye ndimu ni chachu, chumvi imo, pilipili ni kali, maharage yana ukakasi. Kinachokosekana karibu siku zote ni chungu. Omba mchunga, au chemsha majani ya mlonge nyumbani, vijiko viwili vya chakula vinatosha. Ukiwa na ugali wa muhogo badala ya wali, ongeza mchuzi na mboga, maana peke yake ni mkavu na hufunga choo.

Dakika kumi kabla ya kula, kama huna njaa ya kutosha, tafuna kipande chembamba cha tangawizi chenye tone la ndimu na chembe ya chumvi. Mwenye shinikizo la damu aache chumvi. Mwenye vidonda vya tumbo aache vyote. Maji baridi ya friji wakati wa kula yaache. Baada ya kula tembea polepole, hatua mia moja hivi, usilale.

Wavuvi na walio kwenye korosho msimu wa kuokota hawataweza saa hizo kila siku. Wabebe mlo mkuu shambani au pwani uliwe kivulini mchana uleule, ndipo jioni iwe nyepesi. Kubadili saa ni afadhali kuliko kurudisha sufuria kubwa usiku. Na mwezi wa Ramadhani hatua hii inasitishwa. Kanuni inayobaki ni kufungua kwa tende, maji na uji, kisha mlo mzito usifike usiku wa manane.

Hatua ya 3: alfajiri

Ukishalala mapema wiki mbili, kuamka kunakuja kwenyewe. Muda unaosifiwa katika Ayurveda huanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza na kuchukua dakika 48, na adhana ya Alfajiri huku huangukia humo humo. Asiyeweza aamke tu kabla ya jua, inatosha.

Kunywa glasi moja ya maji yaliyochemshwa, ya vuguvugu. Nenda chooni bila kujikamua. Kaa dakika tano, ikishindikana inuka. Ukibanwa wakati wowote wa siku, nenda. Charaka, mwandishi mwingine wa kale wa Ayurveda, ameorodhesha haja 13 za mwili zisizozuiwa, zikiwemo mkojo, choo, chafya, miayo, njaa, kiu na machozi, na kuzuia choo kwa sababu ya safari ya basi ni mwanzo wa ugumu mwingi.

Ulimi ukwangue kwa kikwangulio cha chuma cha pua au ukingo wa kijiko, kutoka nyuma kuja mbele, mara tano hadi saba, kwa mkono mwepesi. Ukitoka damu unakandamiza. Kusukutua mafuta ni hiari: kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya ufuta au nazi, dakika tatu hadi tano, kisha tema kwenye karatasi au taka, si kwenye sinki. Usimeze, na watoto wasifanye, kwa sababu mafuta yakipaliwa huingia mapafuni. Halafu piga mswaki na dawa ya meno kama kawaida. Mafuta hayashiki nafasi yake.

Hatua ya 4: kujisinga mafuta

Hii ndiyo inayopendwa, na ndiyo inayokosewa zaidi.

Mafuta gani? Ufuta hupasha mwili, nazi hupoza. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, jasho halikauki: tumia nazi. Kusi ikishika, Juni hadi Agosti, ngozi inapopauka: tumia ufuta. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo asubuhi za Julai usishangae kuyakuta meupe chupani, hayajaharibika. Ufuta unalimwa Lindi na Mtwara kila upande, ila mwingi huuzwa mbegu kwenye minada ya stakabadhi ghalani. Mwambie mwenye mashine akukamulie mbegu zisizokaangwa. Yale mafuta ya rangi ya kahawia yanayonukia karanga ni ya jikoni.

Kuyaandaa: weka robo lita kwenye sufuria kavu, tia tone moja tu la maji mafuta yakiwa bado baridi, bandika moto mdogo. Tone likianza kutatarika, mafuta yamepita nyuzi 100, epua. Usidondoshee maji kwenye mafuta ya moto, na usiondoke jikoni. Yakipoa yatie chupa ya kioo yenye rangi, weka kabatini. Chupa ya plastiki dirishani huchachusha mafuta ndani ya wiki chache, na mafuta yaliyochacha, yanayonuka kama rangi ya kuta, huwasha ngozi.

Kipimo ni vijiko viwili hadi vinne vya chakula kwa mwili mzima. Simamisha chupa ndogo kwenye bakuli la maji ya moto mpaka mafuta yawe vuguvugu. Anza kichwani na masikioni, shuka. Mikono na miguu pitisha viganja kwa mwendo mrefu. Magoti, viwiko na mabega zungusha. Tumbo zungusha kufuata mwendo wa saa, ndiko utumbo mpana unakoelekea. Nyayo zipe dakika nzima. Jumla dakika kumi hadi kumi na tano, kisha subiri kumi nyingine.

Kabla ya kuoga jifute kwa kitambaa, maana mafuta mengi yakiingia kwenye bomba huziba. Paka unga wa choroko au dengu uliolowanishwa, sugua, suuza kwa maji ya vuguvugu. Sabuni iwe kwapani na sehemu za siri tu, la sivyo unaondoa ulichopaka. Saruji ya bafuni ikipata mafuta huteleza vibaya. Tandika gunia au vaa kandambili zenye meno, hasa kwa wazee.

Kila siku si lazima. Mara mbili kwa wiki inatosha kuanzia.

Usijisinge ukiwa na homa, ukiwa umetoka kula, au penye kidonda, fangasi au upele. Mguu uliovimba usiukande hata kidogo kabla ya kupimwa: pwani hii ina historia ya matende, na uvimbe wa ghafla wa mguu mmoja wenye maumivu unaweza kuwa damu iliyoganda. Mjamzito amuulize mkunga kwanza.

Hatua ya 5: mwendo

Nusu ya nguvu zako, basi. Alama ni jasho kwenye paji na kwapani na pumzi kuanza kutokea mdomoni, hapo punguza. Dakika 30 za kutembea ufukweni Shangani au barabara ya Mikindani, kabla jua halijapanda, zinatosha. Wakati wa kaskazi zifanye 20. Aliyelima tangu asubuhi amekwisha kufanya.

Usingizi wa mchana Ayurveda huukataza, isipokuwa msimu wa joto kali. Januari na Februari jiruhusu dakika ishirini, ukiwa umeegemea, si kujinyosha kitandani.

Wa kuwa waangalifu, na dawa za kopo

Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge asisogeze saa za kula bila kupanga na daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka usiku. Wa dawa za kila siku wasiziache.

Umeona hakuna dawa ya kununua katika mwongozo huu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na karibu moja ya tano zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya mapishi ya kale hutia madini kwa makusudi. Mtu akikuletea unga au vidonge, uliza kama bidhaa imesajiliwa na kama yeye anatambuliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Akikwepa swali, mrudishie kopo lake.