Geuza boksi kwanza

Watu wangu wa Kisumu, ukiingia supamaketi kutafuta siriali ya asubuhi usidanganywe na picha ya matunda na yale maneno ya vitamini pale mbele, geuza boksi usome ule upande wa maandishi madogo. Angalia sukari kwa kila gramu 100, sio kwa kipimo cha mlo mmoja, juu hicho mara nyingi ni gramu 30 na sijui ni mtu mzima gani anashiba hiyo. Gramu 5 kushuka hiyo ni poa, ikipita 22.5 hapo ni sukari nyingi, ndio alama wanazotumia Uingereza kuweka rangi ya kijani na nyekundu kwa pakiti. Fayba nayo, yaani zile nyuzinyuzi za nafaka, ianzie gramu 6. Alafu ile orodha ya viungo huanza na chenye kiko kingi, kwa hivyo sukari ikiwa ya pili rudisha kwa shelfu, na asali, glukosi na sirapu usiziruke, hizo ni sukari tu imebadilisha nguo.

Mimi lakini bado naona uji wa wimbi na mtama unashinda hizo zote, unanunua nafaka pale soko la Kibuye, unasaga bila kukoboa, na sukari unajiwekea mwenyewe, kijiko kidogo ni kama gramu 4. Watoto wakililia zile za chokoleti, wachanganyie kidogo na zile zisizo na sukari, wakizoea unapunguza polepole.