Jinsi ya Kuongoza Somo la Usawa wa Mwanamke katika Jumuiya

Swali la kama imani ya Kikristo inamtambua mwanamke kuwa sawa na mwanamume halifiki katika jumuiya zetu za Dar es Salaam likiwa limevaa joho la theolojia. Hufika likiwa shauri la mjane wa Mbagala ambaye shemeji zake wanadai hati ya nyumba kabla arobaini haijaisha, au likiwa nasaha za kichen pati zilizomfundisha bibi harusi kunyamaza hata atakapopigwa. Wakati mwingine hufika siku ya uchaguzi, pale ambapo akina mama waliojaza viti vyote wanamchagua mwanamume pekee aliyehudhuria siku hiyo kuwa mwenyekiti wao. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule anayetakiwa kuliongoza somo hilo, awe katekista, mwinjilisti, mzee wa kanisa au mama wa kawaida aliyepangiwa zamu. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asije akautafuta katikati ya mistari: naamini kwamba Maandiko yakisomwa kwa uaminifu na kwa ukamilifu yanamsimamisha mwanamke sawa na mwanamume mbele za Mungu na mbele ya watu, na kwamba jumuiya inaweza kuliona hilo yenyewe bila kuiruka hata aya moja ngumu.

Kabla ya siku ya somo

Omba vipindi viwili, usikubali kimoja. Kipindi kimoja huishia pale mtu anaposoma barua ya kwanza kwa Timotheo, watu wakaguna, kisha muda ukaisha na kila mmoja akarudi nyumbani na alichokuja nacho. Chagua pia saa ambayo wanawake wenyewe wataweza kufika. Jumuiya nyingi za Kikatoliki husali Jumamosi alfajiri, na saa hiyo inawafaa wengi, lakini mama anayefuata samaki Feri au ndizi Mabibo huwa ameshaondoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Ni jambo la ajabu kujadili usawa wa mwanamke huku wanawake wanaolisha mtaa wako sokoni.

Zungumza mapema na paroko au mchungaji wako, si kwa kuomba ruhusa ya kufikiri, bali ili ujue kanisa lako limesema nini na uweze kulisema kwa usahihi. Hapa ndipo viongozi wengi wanapotatizika, kwa sababu wanachanganya swali la usawa na swali la upadre au uchungaji wa wanawake. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania limekuwa likiwabariki wanawake kuwa wachungaji tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika Kanisa la Anglikana la Tanzania jambo hilo limetofautiana baina ya dayosisi na dayosisi. Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika barua ya kitume mwaka 1988 juu ya hadhi ya mwanamke, akaeleza humo kwamba utii unaotajwa katika barua kwa Waefeso ni wa mume na mke kutiiana wao kwa wao kwa kumcha Kristo, na mwaka 1994 akatamka kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake daraja la upadre. Mkatoliki anaweza kuyashika yote mawili, na kiongozi wa somo anapaswa kuyaeleza yote mawili. Kama jumuiya yenu ina majirani wa madhehebu mbalimbali, msianzie kwenye altare. Anzeni nyumbani, kwenye mirathi na ndoa, ambako hakuna kanisa linaloweza kusema kwamba suala hilo haliwahusu waumini wake.

Waombe watu waje na Biblia zao, na hakikisheni mna tafsiri ya mwaka 1952 ambayo wazee wameizoea pamoja na Habari Njema ambayo vijana wengi huielewa haraka zaidi.

Kipindi cha kwanza

Anza na Mwanzo 1:27, isomwe na mwanamke: "Mungu akaumba mtu kwa mfano wake, kwa mfano wa Mungu alimwumba, mwanamume na mwanamke aliwaumba." Usihubiri. Uliza tu kama kuna aliyepewa mfano mkubwa na aliyepewa mdogo, kisha uwaangalie watu wakiitafuta aya inayosema hivyo na kuikosa. Punde mtu atataja sura ya tatu, ambapo mwanamke anaambiwa kwamba mumewe atamtawala. Mshukuru kwa kuitaja, kwa kuwa ni aya muhimu, halafu waombe wasome aya mbili tatu zinazofuata. Humo mwanamume naye anaambiwa kwamba ardhi itamzalia michongoma na miiba na kwamba atakula kwa jasho. Hakuna mkulima Mkristo wa Kisarawe anayeacha kupalilia kwa hofu kwamba akiing'oa miiba atakuwa amevunja amri ya Mungu. Sote tunaelewa kwamba maneno yale yanaeleza uharibifu ulioletwa na dhambi, na tunapambana na uharibifu huo kila msimu. Ikiwa miiba inang'olewa, kutawaliwa kwa mwanamke hakuwezi kubaki peke yake kama amri takatifu.

Kutoka hapo nenda moja kwa moja Hesabu 27, na utumie muda wako mwingi hapo. Sijui sehemu nyingine ya Maandiko inayofika karibu zaidi na vikao vya ukoo vya hapa kwetu. Mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walifiwa na baba ambaye hakuacha mtoto wa kiume, na kwa desturi iliyokuwapo urithi wake ungechukuliwa na wengine. Hawakwenda kulalamika kisimani. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakaomba wapewe milki miongoni mwa ndugu za baba yao. Musa hakuwajibu kwa kichwa chake, aliipeleka hoja yao mbele za Bwana, na jibu lililokuja ni kwamba mabinti hao wamenena haki. Sheria ikabadilishwa kwa ajili yao na kwa ajili ya waliofuata baada yao.

Soma pia mipaka ya habari hiyo, maana ukiificha kuna atakayeifichua kwa niaba yako. Mabinti walirithi kwa sababu hawakuwa na kaka, na sura ya 36 inawataka waolewe ndani ya kabila lao ili ardhi isihame. Kilicho kikubwa katika habari hii ni mwelekeo wake: Mungu anamsikiliza mwanamke anayehoji desturi, anampa haki, na anaigeuza desturi.

Sasa weka kando ya habari hiyo jambo la nchini mwetu. Kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinawapanga warithi kwa madaraja, na binti anawekwa katika daraja la tatu, nyuma ya mtoto mkubwa wa kiume na nyuma ya watoto wengine wa kiume. Katiba ya mwaka 1977 inasema kwamba binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, na sheria za ardhi za mwaka 1999 zinamtambua mwanamke kuwa na haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, lakini kikao cha ukoo baada ya mazishi mara nyingi hufuata zile kanuni za 1963. Waulize wanajumuiya ni upande upi unaofanana na jibu alilopewa Musa. Kisha waelezeni wanaume waliopo, kwa upole lakini bila kuzungukazunguka, kwamba njia iliyo mikononi mwao leo ni kuandika wosia wakiwa hai. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao wengi tunauita RITA, huandika na kutunza wosia, na makao yake yapo hapa hapa mjini. Baba anayesema amina kwa habari ya Selofehadi na kuacha nyumba ya Kimara bila karatasi yoyote anamwachia mkewe vita.

Maliza kipindi na Injili, na hapo hutahitaji maneno mengi. Luka 8 inawataja Mariamu Magdalene, Yoana mke wa Kuza, Susana na wengine waliofuatana na Yesu na kumhudumia kwa mali zao. Katika sura ya 10 Mariamu anaketi miguuni pa Bwana, mahali pa mwanafunzi, kama vile Paulo anavyosema alilelewa miguuni pa Gamalieli, na Yesu anakataa kumwondoa hapo ingawa kazi za jikoni zimemlemea dada yake. Katika Yohana 20 habari ya ufufuo inakabidhiwa kwanza kwa mwanamke aipeleke kwa mitume.

Kipindi cha pili: aya ngumu

Hapa kiongozi asitetemeke. Wakorintho wa kwanza 14:34 inawataka wanawake wanyamaze katika kanisa, na barua hiyohiyo, sura ya 11 aya ya 5, inaeleza namna mwanamke anavyopaswa kufunika kichwa anaposali au kutoa unabii. Mtu hawezi kutoa unabii akiwa kimya. Kwa hiyo Paulo hakuwa akimziba kila mwanamke mdomo kwa nyakati zote, na kundi linapaswa kutafuta alikuwa akirekebisha vurugu gani katika ibada za Korintho.

Barua ya kwanza kwa Timotheo 2:12 ni nzito zaidi, na Wakristo waaminifu wameielewa kwa namna tofauti, kwa hiyo usimdharau anayeisoma kinyume chako. Eleza kwamba iliandikwa kwa mtu aliyeachwa Efeso akomeshe mafundisho ya uongo, kama sura ya kwanza inavyosema. Onyesha kwamba aya ya 9, kabla tu ya hapo, inakataza kusuka nywele na kuvaa dhahabu na lulu, na hakuna usharika wa Dar es Salaam unaomrudisha mlangoni mama aliyesuka. Tukikubali kwamba aya ya 9 ilisemwa kwa mazingira yake, tunadaiwa sababu ya kuifanya aya ya 12 kuwa sheria isiyo na mazingira. Halafu fungueni Warumi 16, ambako Paulo huyohuyo anamkabidhi kwa Warumi Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, anamsalimu Priska, ambaye pamoja na mumewe Akila alimfundisha Apolo, na anamtaja Yunia kuwa maarufu miongoni mwa mitume. Yohane Krisostomo, mhubiri wa karne ya 4 ambaye hakuna anayeweza kumshtaki kwa kufuata mambo ya kisasa, alistaajabia hekima ya Yunia iliyomfanya astahili jina la mtume.

Waefeso 5 isomwe kuanzia aya ya 21, "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo", wala si aya ya 22 inayopendwa kwenye sherehe. Endeleeni mpaka 6:5, ambapo watumwa wanaambiwa wawatii mabwana zao. Nyamaza kidogo, kisha uwakumbushe watu kuhusu Bagamoyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika pale mwaka 1868 waliisoma aya hiyo kama sisi, na bado waliwakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Na Unguja, soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, kanisa kuu la Anglikana lilijengwa juu ya uwanja wake. Walielewa kwamba barua ya mtume ilikuwa inawafundisha watu wa nyumba za Kirumi jinsi ya kuishi ndani ya utaratibu walioukuta, na kwamba msalaba ulikuwa umekwisha kuuhukumu utaratibu wenyewe. Namna hiyohiyo ya kusoma inamhusu mke, maana maagizo yote mawili yamo katika orodha moja. Hapo ndipo mahali pa Wagalatia 3:28, ambapo mtumwa na huru, mtu mume na mtu mke, wanatajwa kwa pumzi moja.

Mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya Beijing. Mjibu kwa heshima kwamba mkutano ule wa dunia wa wanawake wa mwaka 1995 katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, na kwamba mabinti wa Selofehadi walidai haki yao zamani sana kabla ya mkutano wowote. Mwingine atasema kwamba mume ndiye kichwa. Msomeshe Waefeso 5:25 na umwombe aeleze mwenyewe kichwa kilichojitoa kwa ajili ya mwili hufanyaje maamuzi ya mshahara, ya watoto na ya kulala. Wakorintho wa kwanza 7:4 inampa mke amri juu ya mwili wa mume sawasawa na mume juu ya mwili wa mke, na sijawahi kusikia aya hiyo ikisomwa kwenye kichen pati.

Ikitokea mama akasema mbele ya kundi kwamba anapigwa, somo limesimama. Usiruhusu ajadiliwe, na asiambiwe avumilie wala aombe zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mama mmoja anayemwamini aketi naye pembeni, amuulize kama ni salama kurudi nyumbani jioni hiyo, na aongozane naye kituoni au hospitali akikubali.

Baada ya vipindi viwili

Kaeni na daftari la jumuiya. Angalieni nani ni mwenyekiti, nani ni mhazini, nani husoma neno na nani huosha sufuria baada ya sherehe ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wake, mkaamue mabadiliko mnayoweza kuyafanya katika uchaguzi ujao. Wanaotoa nasaha kwa mabibi harusi wakubaliane kuanzia Waefeso 5:21, na wazee wanaowausia mabwana harusi wapewe aya hizohizo. Kama yupo mjane mwenye shauri la mirathi, mumtafutie ushauri wa sheria mapema. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania hutoa msaada wa kisheria hapa jijini. Na kama mmeamua kumsindikiza Mahakama ya Mwanzo, andikeni kwenye muhtasari siku hiyohiyo majina ya watu wawili watakaokwenda naye, mmoja wao awe mwanamume, tarehe ya kwenda, na nauli itatoka mfuko gani.