Saa ya redio ya gari ikikuchanganya
Wenye magari ya kutoka Japani, msikimbilie kwa fundi eti saa ya dashibodi imeharibika. Japani iko mbele yetu kwa saa 6. Hapa ikiwa saa moja asubuhi, kule ni saa saba mchana, na kioo kinaandika 1:00. Yaani gari linasoma saa za Kiswahili! Yangu niliiacha hivyohivyo mwaka mzima, abiria wakidhani nimeiweka makusudi.

Ukitaka kuibadilisha, Toyota nyingi zina vitufe vitatu vidogo: H ya saa, M ya dakika, na :00. Hicho cha mwisho ndicho kitamu. Subiri taarifa ya habari ianze redioni, bonyeza. Kama ilisoma 6:58 inaruka hadi 7:00, kama 7:03 inarudi 7:00.

Sauti ikitoka upande mmoja, kabla hujashuku spika bonyeza kile kitufe cha kuzungusha sauti mpaka kioo kiandike BAL, kisha irudishe katikati. FAD ni ya mbele na nyuma. LOUD, ile inayoongeza besi, iwashe ukisikiliza kwa sauti ya chini tu. Ukipandisha, izime, la sivyo besi inakoroma.

Redio ya kufunga ikisahau saa na stesheni kila ukizima gari, hapo angalia nyaya. Kwa kawaida waya wa njano ni wa umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, mwekundu unapitia swichi ya ufunguo. Yangu fundi alizigeuza. Kuzirudisha, dakika kumi.