Simu za kutestia apu bila kufilisika: hatua kwa hatua kwa developa wa Mombasa

Ukiandika apu kwa Flutter ama React Native unaandika mara moja, inatoka ya Android na ya iPhone, na hapo ndo watu wengi hujidanganya kwamba ikishafunguka kwa simu yangu basi imefunguka kila mahali. Naulizwa sana, simu gani nzuri ya kutestia? Mimi husema usitafute nzuri, tafuta ile itakayoiangusha apu yako mapema kabla mteja hajaiangusha yeye, na uzuri wake ni kwamba simu za aina hiyo ndo za bei ya chini kabisa. Kwa hivyo twende pole pole.

Hatua ya 1: jua mteja wako ashika nini mkononi

Kabla ya kutoa shilingi. Kama apu iko Play Store tayari, ingia Play Console (ukurasa wa Google wa wenye apu) uangalie takwimu za simu, utaona aina, toleo la Android na hata RAM. Kama bado haijatoka, basi waulize watakaoitumia. Apu ya mama wa mboga pale Kongowea na apu ya wapangaji wa fleti za Nyali si simu moja, mmoja yuko kwa itel ama Tecno ya miaka, mwengine iPhone. Andika simu mbili tatu zinazojirudia, imetosha.

Hatua ya 2: anza na simu dhaifu kuliko zote

Hii ndo simu muhimu zaidi kwenye meza yako, na nikipewa bajeti ya simu moja tu nanunua hii, iPhone itangoja. Tafuta yenye RAM ya 2GB inayotembea na Android toleo la Go, lile Google walilitengeneza kwa simu zenye RAM ndogo (tangu Android 13 Go yenyewe inataka angalau 2GB). itel ziko tele, na kuna zile Neon zinazounganishwa Athi River tangu 2023, Smarta ilizinduliwa kwa shilingi 7,499, kwa hivyo twazungumzia simu mpya chini ya elfu kumi.

Sasa kwa nini hii. Fikiria mteja yuko ndani ya apu yako, ashajaza fomu ndefu, amefika kulipa, ombi la M-Pesa limekuja kwa skrini aweke PIN, kisha anatoka kwenda kusoma meseji ya uthibitisho, na huku nyuma WhatsApp nayo yala RAM. Simu ya 8GB itaiweka apu yako hai. Hii ya 2GB itaiua kimya kimya, mteja akirudi akuta ukurasa wa kwanza, fomu tupu, na pesa zishaenda! Atakupigia wewe, hatampigia aliyetengeneza simu. Kwa simu yako ya bei hutaliona tatizo hili hata ukitesti mwezi mzima.

Halafu kuna jambo la biti. Simu nyingi za bei ya chini zina prosesa ya biti 64 lakini mfumo uliowekwa ndani ni wa biti 32, sasa ukiongeza plagini inayokuja na faili za biti 64 peke yake, apu inakufa pale pale inapofunguka. Unganisha na laptopu uandike `adb shell getprop ro.product.cpu.abi` (adb ni programu ya laptopu ya kuamrisha simu kwa waya), ikijibu armeabi-v7a, yaani biti 32, hiyo ndo unayoitaka, usiirudishe.

Na grafiki. Prosesa kama Helio A22 ama Unisoc SC9863A zinatumia GPU (chipu ya kuchora skrini) ya PowerVR, na Flutter siku hizi kwenye Android inachora kwa injini yake ya Impeller, inayoiamrisha GPU kwa njia ya Vulkan kwanza na ikishindwa inarudi kwa njia ya zamani, OpenGL. Ukikuta vivuli vya ajabu ama animesheni zinakwama kwenye simu kama hizi na kwengine ni safi, ushajua pa kuanzia.

Hatua ya 3: simu ya kati yenye Android mpya

Ya pili iwe Tecno, Infinix, Samsung ya A ama Redmi yenye Android 15 kwenda juu. Sababu kubwa: tangu mwisho wa Agosti 2025 apu mpya Play Store lazima zilenge angalau API 35 (nambari ya Android 15 kwa madevelopa), na ukilenga hiyo, kwenye Android 15 apu yako inachorwa mpaka chini ya vitufe vya simu utake usitake. Yaani kile kitufe chako cha "Lipa sasa" kinakaa chini ya vitufe vitatu vya kurudi na mwanzo, mtu akibonyeza kulipa anarudi nyumbani. Simu ya zamani haikuonyeshi hilo.

Pia kila kampuni imepaka rangi yake juu ya Android, Tecno na HiOS, Infinix na XOS, Xiaomi na HyperOS, na hizi zina tabia ya kuzima apu zilizo nyuma ili kuokoa betri, notifikesheni zinachelewa ama haziji kabisa. Chagua ile ambayo wateja wako wengi wanayo. Kama ile dhaifu ulonunua ni itel, hii ya pili usichukue itel tena, utakuwa wanunua tatizo moja mara mbili.

Hatua ya 4: iPhone, lakini si yoyote

Hapa watu hupoteza pesa kwa sababu ya jina. iPhone 7 iliishia iOS 15, iPhone 8 na X ziliishia iOS 16, XR na XS ziliishia iOS 18. iOS 26 inataka iPhone 11 kuendelea, ama SE ya 2020 manake nayo ina chipu ile ile ya A13. Kwa mfuko mdogo mimi ni wa SE 2020 iliyotumika, tena ina faida nyengine, skrini yake ni inchi 4.7 tu na kitufe cha chini, kwa hivyo maandishi ya Kiswahili ambayo kwa kawaida ni marefu ("Thibitisha nambari ya simu" si sawa na neno moja la Kizungu) yanagonga ukuta hapo hapo na unayaona. Wateja wako wakiwa wengi wa simu zenye ule mkato juu ya skrini, chukua 11.

iPhone 7 ukiuziwa bei ya kutupa si mbaya kama simu ya tatu ama ya nne, React Native tangu 0.76 inaanzia iOS 15.1, lakini isiwe ndo iPhone yako ya pekee.

Ukiwa huna Mac kumbuka kuna gharama nyuma ya hii simu. Kuijenga apu unaweza kutumia Codemagic, huduma ya mtandaoni ya kujenga apu, wanakupa dakika 500 za bure kila mwezi kwenye mashine za Mac, ila kuiweka kwa simu kupitia TestFlight (njia ya Apple ya kugawa apu za majaribio) lazima uwe na akaunti ya Apple ya dola 99 kwa mwaka. Ukiazima Mac ya mtu, akaunti ya bure yafanya kazi lakini apu inakufa baada ya siku 7 inabidi uiweke upya. Kwa hivyo kama mteja hajalipia iOS, usikimbilie kununua iPhone.

Hatua ya 5: dukani, usitoke kabla hujafanya haya

Ukenda kununua iliyotumika, iwe Digo Road ama Mwembe Tayari, nenda na laptopu, waya, na bando kwa simu yako. Muuzaji atakuangalia vibaya kidogo, mwache.

Soma RAM mwenyewe. Boksi limeandikwa 8GB kubwa hivi, tizama chini utaona kinyota, na maelezo ya kinyota ni 4GB+4GB, hizo nne za pili zimeazimwa kwenye hifadhi ya simu, si RAM ya kweli. Mwambie, "Kaka, hii ni nne." Atacheka, "Bosi wangu, si ndo nane hizo ukijumlisha." Sawa, lakini lipa bei ya nne.

Piga *#06# upate IMEI (nambari ya utambulisho wa simu), ilingane na ya boksi, kisha itume kwa meseji kwenda 1555 ya Mamlaka ya Mawasiliano uone simu gani inajibiwa. Ukiona wakujibu aina nyengine kabisa, rudisha kwa kaunta.

Sasa kubwa kuliko zote: simu za lipa mdogo mdogo. Mtu achukua simu kwa mkopo, anaiuza kabla hajamaliza, na weye unanunua kufuli. Inaweza kukaa vizuri siku kadhaa halafu ikajifunga. Muombe muuzaji aifute yote mbele yako, iunganishe na intaneti yako, isubiri mpaka imalize kujipanga, maana kufuli nyingi hurudi zenyewe hapo ikishaona mtandao. Kisha ingia mipangilio, bonyeza "Nambari ya muundo" mara saba, fungua "Chaguo za wasanidi programu", washa "Utatuzi wa USB". Ikikataa ama ikisema imezuiwa na msimamizi, ondoka, hata kama si ya mkopo wa mtu simu isiyokubali utatuzi hutaifanyia kazi yoyote. iPhone nayo lazima mwenyewe atoe akaunti yake ya iCloud mbele yako, usikubali ile "ntakutumia paswadi jioni".

Kioo kilichopasuka kwangu si tatizo mradi mguso wafanya kazi pembe zote, hiyo ndo sababu nzuri ya kupunguziwa, na picha yake unaweza kuiona kwenye laptopu kwa scrcpy, ni bure. Ila mgongo ukiwa umevimba ama kioo kimenyanyuka kidogo pembeni, hiyo ni betri, iache. Chungulia na tundu la chaji, chumvi ya huku kwetu hula zile pini mpaka zikawa kijani, na tundu bovu maana yake kila ukitesti simu inakatika.

Hatua ya 6: zitumie kama mteja

Usipime kasi kwa modi ya kudibagi, itakudanganya kwamba ni nzito. Tumia `flutter run --profile` kwa simu halisi, ile dhaifu. Kule kwa chaguo za wasanidi washa "Usihifadhi shughuli", kisha ujaribu malipo tena ile njia ya hatua ya 2, ukirudi fomu ikiwa tupu bado una kazi. Ongeza ukubwa wa maandishi mpaka mwisho, manake bi mkubwa nyumbani ndivyo anavyotumia yake na hataibadilisha kwa ajili yako. Halafu toka nje. Jua la saa saba pale Likoni ukingoja feri, simu ya bei ya chini haina mwangaza wa kutosha, yale maandishi ya kijivu hafifu uliyoyaona mazuri ofisini hayaonekani kabisa, na mkivuka huku mtandao unapanda na kushuka utajua pia kama apu yako yajua kungoja ama inaganda tu.

Hatua ya 7: vilobaki usinunue

Tableti, simu zenye skrini ya kukunja, matoleo ya katikati, hayo tumia emuleta, simu ya kuigiza ndani ya laptopu. Firebase Test Lab kwenye mpango wa bure inakuruhusu majaribio 5 kwa siku kwenye simu halisi zilizoko kwao, yatosha kuangalia kama apu inafunguka kwenye simu usiyokuwa nayo. Lakini huko hakuna laini ya Safaricom, malipo utayatesti kwa simu yako tu.

Zikishafika mezani, zima apdeti za otomatiki kwenye ile yenye toleo la zamani, usije ukaamka toleo ulilolinunulia limeondoka. Na usiziache kwenye chaji usiku kucha kila siku kwa joto hili, zichaji mpaka nusu ama zaidi kidogo, chomoa, weka kwa droo mbali na dirisha.