Unataka shamba la mtoni Kigoma? Nenda na kamba

Wakuu, kiangazi kikikolea ndo madalali wa mashamba ya mto Luiche wanachangamka, maana mto umetulia, nyanya zinameremeta, pampu inanguruma pembeni na unaambiwa "shamba lako linaishia kwenye maji kabisa". Usitoe hela hapo hapo.

Beba kamba ya mita 20. Ukiivuta mara tatu umepata mita 60, na humo ndani Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu chanzo, iwe mto, bwawa au ziwa. Sasa shida ni unaanzia wapi kupima, dalali ataanzia maji yalipo mwezi wa nane, wewe anzia ukingoni, pale mto unapofika masika. Angalia alama ya tope kwenye michikichi na takataka zilizonasa juu ya matete, afu uliza majirani, hasa kina mama wanaolima hapo miaka yote. (Kibirizi, pale kando ya Ziwa Tanganyika, waliona ziwa lilivyopanda likawafuata mpaka majumbani, kwa hiyo maji hayana adabu ya mipaka.) Ukikuta kigingi cha zege cha bodi ya maji, kunja kamba, mpaka ndo huo. Kama umeuziwa heka mbili na moja na nusu imeingia humo, basi umenunua nusu heka kwa bei ya mbili.

Kijijini usiishie kwa mwenyekiti. Muhuri wake kwenye karatasi ya daftari sio hati, inabidi ipite halmashauri ya kijiji, na kama ni ardhi ya kijiji inagawiwa upya lazima mkutano mkuu uridhie kwanza. Uliza hakimiliki ya kimila ipo au haipo.

Afu kuna hili wengi hawalijui, ukinunua shamba hujanunua mto. Kwa sheria ya 2009 maji yote ni mali ya umma. Ya kunywa, kupika na kufua chota tu, hata kisima cha kuchimba kwa mkono cha nyumbani hakina neno, ila pampu ya kumwagilia inataka kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi zao zipo Kigoma mjini.

Watakuuliza unavuta lita ngapi kwa siku na hapo ndo watu wanabaki wanatumbua macho. Chukua pipa la lita 200, washa pampu, hesabu kwa simu. Likijaa kwa sekunde 40 ni lita 300 kwa dakika, ukimwagilia masaa manne umevuta lita 72,000! Ndo maana wa kule chini wanalalamika mwezi wa tisa, na ndo maana ni bora ujiunge mapema na jumuiya ya watumia maji mpangiane zamu kuliko kukutana mtoni na mapanga.

Ada ya kibali unalipia kwa kontro namba. Mtu akitaka hela mkononi, hata awe na kitambulisho shingoni, usimpe.