Modemu ya laini inawaka lakini intaneti haipo: anzia hapa

Kabla ya yote, toa kidole kwenye kitufe cha riseti. Kuzima na kuwasha hakuna madhara: chomoa umeme, subiri nusu dakika, chomeka. Riseti ni habari nyingine, maana inafuta APN (jina la njia ya intaneti ya kampuni yako ya simu) na nenosiri, halafu unabaki na matatizo mawili badala ya moja.

Hatua ya 1: Jua palipokatika. Fungua kivinjari, andika 192.168.8.1 (Huawei nyingi hutumia hiyo, nyingine ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, soma kibandiko kilicho chini ya modemu). Ukurasa ukifunguka, Wi-Fi yako ni nzima, tatizo liko mbele zaidi. Usipofunguka, tazama anwani ya IP ya kompyuta (namba yake kwenye mtandao). Ikianza na 169.254, ujue modemu haijaipa anwani: badilisha waya, au futa ule mtandao kwenye Wi-Fi uunganishe upya.

Hatua ya 2: Laini. Itoe, itie kwenye simu, zima Wi-Fi ya simu kisha fungua tovuti yoyote. Ikigoma na huko, ulizia bando na usajili, modemu unaisingizia. Ikikubali kwenye simu lakini modemu haiisomi, huenda inadai PIN, au modemu imefungiwa mtandao mmoja. Zile fremu za plastiki za kuvalisha laini ndogo nazo hucheza, laini isiguse vizuri.

Hatua ya 3: Mawimbi. Hapa usiwe na haraka. Vistari vya mtandao vinadanganya, kwa hiyo ingia kwenye ukurasa wa modemu utafute RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayoifikia modemu. Ni namba hasi: -85 ni safi, -100 inavumilika, ikifika -110 na kushuka, tegemea kukatika-katika. Mteja wangu mmoja aliificha modemu nyuma ya televisheni, nyumba ya bati, ilisoma -113. Tulipoihamishia dirishani upande wa mnara ikasoma -96, na video iliyokuwa ikizunguka tu ikaanza kutembea. Sogeza kidogo, acha namba itulie, ndipo usogeze tena. Angalia na SINR (usafi wa mawimbi dhidi ya kelele): RSRP ikiwa nzuri lakini SINR inacheza karibu na 0, kuna mwingiliano, jaribu kuigeuza modemu. Na kama namba zote ni nzuri ila kasi inakufa kila jioni, mnara umeelemewa. Hapo hata ukiipandisha juu ya paa utajichosha bure.

Hatua ya 4: APN. Laini inasoma, mawimbi yapo, data haipiti? Kagua APN. Airtel ni internet. Safaricom ni safaricom, jina la mtumiaji saf, nenosiri data. Andika kwa herufi ndogo, bila nafasi mwishoni.

Hatua ya 5: DNS, kile kinachogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Kwenye Windows fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika ping 8.8.8.8. Ikijibu na tovuti bado hazifunguki, weka DNS 8.8.8.8 na 1.1.1.1.

Modemu inayojizima na kujiwasha yenyewe usiihangaishe na hatua hizi. Mara nyingi ni adapta imechoka. Ukinunua nyingine, volti zilingane na zilizoandikwa kwenye modemu. Ampea zikizidi hakuna neno, zikipungua ndiyo shida.